Njia ya Kwenda Vanga

Msambweni,
Mwezi wa sita, 1965

Kwa mamangu mpenzi,

Shikamoo, mama. Nakubusu mkono kwa mbali na kukuuliza hali. Je, kifua kimetulia tangu baridi ya kusi ianze? Na miguu, bado inavimba jioni? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Makame, mkweo, anakuamkia sana, na wajukuu wako hawaachi kukutaja. Safari hii nimekuandikia kwa herufi za Kiarabu ili uisome barua mwenyewe. Tafadhali usimpe jirani akusomee. Ukiona barua ni ndefu usishtuke, sote tu hai. Nimelitanguliza hilo kwa kuwa naujua moyo wako.

Habari yenyewe ni ya Mishi, huyu mwanangu wa kwanza, aliyekughania maulidi kwa moyo Idi iliyopita hata ukatokwa na machozi. Mama, Mishi hajui kusoma. Yuko darasa la nne, ana miaka kumi na mmoja, na neno alilolijua leo kesho halijui. Palipoandikwa “baba” yeye husoma “dada”. Jina lake mwenyewe huliandika na herufi zikageuka nyuma mbele. Mtoto huyuhuyu ukimtuma dukani vitu vinane, hasahau hata kimoja.

Tangu tupate uhuru, kila mtu hapa anasema kazi za maofisini zinawangoja watoto wetu, na asiyesoma sasa ameachwa. Maneno hayo yalituingia sote. Yalimwingia na mwalimu wake, akawa anamchapa karibu kila asubuhi mbele ya wenzake na kumwita kichwa maji. Makame hakumpiga hata siku moja, lakini kila akilitazama daftari lake alinyamaza, kisha akatoka kwenda kwenye randa na misumari yake. Nadhani ule unyamavu ulimuumiza mtoto kuliko fimbo. Akaanza kukojoa kitandani, msichana mkubwa vile. Kengele ya shule ikilia, uji wote hurudi.

Nikaingiwa na hofu, mama, hofu ya kutojua unaogopa nini. Mama mkwe wangu, Bi Biasha, akasema mtoto ana shetani wa baharini anayemfunga macho, na dawa yake ni kupungwa ili atoke. Akamleta mganga, wakamfunika Mishi shuka juu ya chetezo chenye moshi mkali. Nilimsikia akikohoa, kisha nikawa simsikii. Nililivuta lile shuka kwa mikono yangu. Alikuwa amelegea kama nguo mbichi. Tangu siku hiyo Bi Biasha haitikii salamu yangu.

Baada ya hapo mwalimu akatangaza kwamba Jumatatu wazazi wataitwa shuleni, na kila mtoto atasimama asome mbele yao. Jumatatu hiyo Mishi alivaa sare, akanibusu mkono, akatoka. Tulipofika shuleni hatukumkuta. Wenzake walisema hawakumwona kabisa.

Sijui nikueleze vipi siku ile. Tulichungulia visimani, mama. Makame aliingia kwenye mikoko maji yakiwa yanajaa, akiita mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilikwenda nyumba kwa nyumba, na kila mlango niliobisha nilitamani waniambie yuko, na nikaogopa wasije wakaniambia wameona kitu. Bi Biasha alikaa barazani na tasbihi yake, na kwa mara ya kwanza nilimwona analia.

Alasiri utingo wa lori la miwa akatuletea habari kwamba huko Ramisi kuna msichana mwenye sare ya shule, amehifadhiwa na mkata miwa mmoja. Tulimkuta kwenye chumba cha huyo bwana anakula muhogo, miguu imejaa malengelenge. Nilimuuliza alikuwa anakwenda wapi. Akasema, “Kwa bibi Vanga. Kwa bibi hakuna kitabu.”

Hapo ndipo alipotuambia kwa mara ya kwanza. Alisema herufi zinacheza. Ni kama dagaa kwenye maji ya ufukoni, ukitaka kumshika mmoja wote wanageuka. Alidhani watu wote wanaziona hivyo, na kwamba wenziwe wana akili ya kuzishika, yeye hana.

Tuliporudi, alikuja nyumbani mwalimu mgeni wa darasa la kwanza, msichana wa Kikamba aitwaye Syovata. Alisema alipokuwa chuo cha ualimu alifundishwa kwamba wapo watoto wa namna hii, wenye akili timamu, ila maandishi hayawatulii. Ugonjwa huo si wa kufukizwa, wala si uvivu. Wazungu wana jina lake, lakini hakulishika. Alituambia kwamba kumchapa mtoto kama huyu ni sawa na kumchapa kiwete kwa sababu hakukimbia.

Basi tunafanya alivyotuonyesha. Makame amechonga herufi za mbao kubwa kama kiganja, na Mishi huzipapasa amefumba macho kabla hajaziandika mchangani. Tunachukua herufi moja mpaka imkae, ndipo tuchukue nyingine. Tukiona amechoka tunaacha, hata kama hajamaliza. Masomo mengine mimi humsomea kwa sauti naye hunijibu kwa mdomo, na hapo, wallahi, hunishinda. Mwalimu Syovata amemwombea kwa mkubwa wa shule akae darasani mwake saa za kusoma, na fimbo imesita. Juzi alisoma “baba” na “dada” bila kuyachanganya. Makame alitoka nje kama zamani, ila safari hii alirudi amemshikia muwa.

Sikufichi, bado naogopa. Mwalimu Syovata anaweza kuhamishwa wakati wowote. Mtihani wa darasa la saba hautamngoja. Siku nyingine Mishi huamka na zile herufi zote zimempotea, nami huhisi visima vile viko wazi tena mbele yangu.

Sasa, mama, kaa kitako. Kama umesimama, keti. Yule mkata miwa sijakwambia ni nani.

Alimkuta Mishi kwenye njia panda, chini ya kibao, analia. Akamuuliza anakwenda wapi. Mtoto akasema Vanga, ila hawezi kusoma kibao kinasema njia gani. Yule bwana akamwambia, “Hata mimi siwezi, mwanangu. Lakini Vanga ni kule. Njia ile nimeitazama miaka mingi.” Kisha akamuuliza ni mtoto wa nani. Mishi akakutaja wewe, akanitaja na mimi. Anasema yule mtu mzima alikaa chini pale pale mchangani.

Ni Jumbe, mama. Kaka yangu Jumbe, tuliyemsomea hitima. Aliyetoroka baada ya marehemu baba kumfunga kwenye nguzo ya chuo cha Kurani mpaka ausome ule ukurasa, nasi tukasema bahari imemchukua. Nywele zimeingia mvi, lakini bado husimama ameegemea mguu mmoja. Aliponiita “Siti”, nilimjua.

Alimshika Makame mkono akamwambia, “Shemeji, mwambie huyu mtoto kila siku kwamba nyumba ni yake, asome asisome. Mimi sikuambiwa.”

Hakuja kwako miaka yote hii kwa sababu anaogopa. Anadhani utamuuliza juu ya ule ukurasa. Nimembembeleza, amekubali, na Ijumaa inshallah tutakuja sote, yeye na Mishi na Makame. Usimwambie mtu bado, wasije wakajaa uwanjani akageuka njiani. Akisita mlangoni, usimfuate nje wala usilie kwa sauti. Muulize kama amekula.

Nisalimie jamaa wote wa hapo mtaani, na jikinge na baridi ya asubuhi. Sina zaidi ila dua zako, ambazo kwa siku hizi chache nazihitaji kuliko siku zote. Mola akuweke mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Mwanasiti