Kitabu cha Ukoo wa Bi Fauzia

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituoni, Msambweni

Jina: Kitonga Mwangangi. Umri: miaka 34. Kazi: kibarua, mchoma chokaa. Makazi: banda la uani, nyumbani kwa Bi Fauzia binti Sefu, Msambweni. Kwetu ni Nuu, Mwingi.

Leo ni Jumatano, tarehe 14 Oktoba 1998. Ni miaka miwili na miezi minane tangu nilipotoka nyumbani. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe, kwa ajili ya Kache Rai, mtumishi wa nyumba ile, aliyefungiwa hapa tangu juzi kwa wizi ambao hakuufanya.

Bi Fauzia ni wa ukoo wa maliwali wa zamani. Wageni wake hutoka Mombasa na Unguja, na hata viatu vyake huvuliwa na Kache. Mwaka jana mwezi wa nane, watu wa bara walipokuwa wakifukuzwa, alinificha stoo siku sita, akakaa kitini mlangoni. Vijana wakamwuliza, "Bi Mkubwa, kuna mbara humu?" Akajibu, "Kuna mimi. Mwataka kunipekua?" Wakaondoka. Kwa hiyo sisemi haya kwa chuki.

Ijumaa hii mjukuu wake Mwanapili anaolewa na Chande, mwalimu, mtoto wa mvuvi wa Jego. Baba wa msichana ameridhia. Asiyetaka ni Bwana Jaafar, kaka yake Bi Fauzia. Alisema atapeleka kwa kadhi kitabu cha nasaba, chenye majina ya ukoo wao tangu mababu, aonyeshe kwamba Chande si kufu yao, halingani nao kwa nasaba, ili ndoa izuiwe.

Mnamo Jumamosi tarehe 10, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nilikuwa nyuma ya nyumba nimemaliza kupanga magogo na mawe ya tanuru la chokaa. Bi Fauzia alikuja peke yake, amebeba kitu ndani ya kanga. Sikuwahi kumwona akibeba chochote. Alikiingiza mwenyewe katikati ya magogo, akasema, "Washa." Nikawasha. Alisimama pale mpaka moshi ukamtoa machozi.

Jumapili Bwana Jaafar alifungua kabati, akakuta sanduku la kitabu halipo. Ufunguo hukaa kwa Kache. Jumatatu asubuhi akaleta askari. Kache alisema neno moja tu, "Sijui." Nadhani anajua. Bwana Jaafar anaamini kitabu kimeuzwa kwa Wazungu, na tangu siku hiyo yuko Diani, anazunguka duka kwa duka.

Jana saa nne asubuhi nilifungua tanuru. Ndani ya chokaa nilikuta kufuli la shaba la sanduku lile, limepinda. Nilimpelekea Bi Fauzia. Hakushtuka. Alisema, "Mwanangu, ningoje mpaka Ijumaa baada ya swala. Nikaha ikishafungwa, nitakwenda kituoni mwenyewe, nimevaa buibui langu la Idi."

Nikamwambia, "Bi Mkubwa, Kache miguu imemvimba. Nimempelekea uji, ameshindwa kusimama."

Akasema, "Kache amenivumilia miaka thelathini na saba. Siku tatu ndizo zitamshinda?"

Tangu hapo sijakaa wala kulala. Nimetembea ua ule mpaka mbwa akachoka kunifuata. Leo asubuhi nilipita dirisha la mahabusu. Kache akanifukuza: "Wee Kitonga, rudi kazini! Wataka kumharibia mtoto harusi?"

Sitaki kumharibia. Bwana Jaafar akijua leo, ataacha kukitafuta kitabu, akimbilie kwa kadhi kabla ya Ijumaa. Lakini harusi ni ya Mwanapili na sakafu hii ya saruji analala Kache. Kufuli ni hili hapa, afande.

Niliyoyaona na kuyasikia yanaishia hapo. Nimesomewa, nami nayakubali. Nyumba ile sitaingia tena. Leo jioni ninasafiri kwenda Nuu. Nitarudi hapa Jumatatu, tarehe 26 Oktoba, saa mbili asubuhi.

Sahihi: K. Mwangangi

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo E. Kaingu, kuanzia saa tatu hadi saa nne na robo asubuhi. Kufuli limepokelewa kama kielelezo. Kache Rai ameachiliwa saa tano kamili. Mlalamikaji, Bwana Jaafar bin Sefu, atajulishwa Jumamosi, tarehe 17.