Bahasha ya Sura ya Mwisho

Ujiji,
Jumanne, 18 Februari 2025

Kwa kaka yangu Hamdani,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Mpanda, wewe na wifi Kuruthumu, na kwamba mguu wake umeshapungua uvimbe. Huku sote wazima. Mama mdogo anakusalimu na anauliza kama bado unakula ukiwa umesimama. Mvua zipo, dagaa wapo. Utashangaa kupata karatasi wakati simu yangu haijaharibika. Simu inataka sauti, na sauti yangu siku hizi siiamini.

Uliniambia niende kwenye lile kongamano la wapenzi wa hadithi za upelelezi za zamani nimwakilishe marehemu Baba, nami nimekwenda. Lilikuwa Jumamosi na Jumapili, katika ukumbi wa hosteli moja kule Bangwe. Nilitegemea wazee sita na chupa ya chai. Walikuja watu arobaini na kitu, wengine kwa treni kutoka Tabora, na kila mmoja ana maiti yake anayoipenda. Bwana mmoja wa Kasulu, Nikodemu, alitueleza saa nzima kwamba sumu ndani ya chai ni uvivu wa mwandishi, kisha tukaenda kunywa chai. Watu walicheka sana. Mimi nami nilicheka, kwa kuwa niliona wenzangu wanacheka. Tangu tumzike Baba ndivyo ninavyoishi, kaka. Naangalia wengine wanafanya nini, nami nafanya hivyohivyo.

Mwenyeji wetu alikuwa Mwalimu Telesphory, yule mstaafu wa Mwanga aliyekuwa akimwazima Baba vitabu. Wewe ulihama kabla hawajaanza utaratibu wao, kwa hiyo nikueleze. Mwalimu haazimi kitabu kizima. Huchana sura ya mwisho, akaitia kwenye bahasha na kuifungia kabatini. Ukishasoma ulichopewa, unaandika kwa mkono wako mwenyewe muuaji ni nani na umejuaje, unampelekea hiyo karatasi, ndipo anakupa bahasha. Vitabu ishirini na saba, Baba hakukosea hata kimoja. Aliwakamata wauaji kwa nguo zao, kwa jicho lake la fundi cherehani: huyu suruali imepunguzwa juzi, huyu koti si lake. Hata sukari ilipomwondolea macho na mimi nikawa namsomea, aliendelea kushinda, na kunitania kwamba ningekuwa polisi, wezi wa Kigoma wangenichangia nyumba.

Jumapili Mwalimu alitangaza kwamba kitabu cha kushindania ni kile cha mwisho alichomwazima Baba, kwa heshima yake. Ni habari za tajiri aliyeuawa nyumbani kwake, na kifungo cha koti kilichoshonwa upya baada ya mauaji. Washiriki walikuwa wamepewa nakala tangu mwezi uliopita, zote bila mwisho, na majibu yakatiwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Mwalimu akasema inamuuma kwamba Fundi Abeid alifariki bila kumletea jibu lake, akaniuliza kama aliwahi kuniambia lolote. Nikafungua pochi, nikatoa karatasi ya Baba, nikaitia koponi.

Bahasha ikafunguliwa, sura ikasomwa. Muuaji alikuwa daktari. Katika karatasi zote, ni moja tu iliyomtaja. Mwalimu aliisoma kwa sauti. Baba alikuwa ameandika, kwa herufi kubwa zilizopinda, kwamba fundi hushona kifungo kwa uzi mmoja na kumalizia fundo moja, lakini hiki kila mshono umefungwa fundo lake na kukatwa, na hivyo ndivyo wanavyoshonwa watu. Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Wakanikabidhi zawadi yake, lenzi ya mkono yenye kishikio cha mti. Agnesi, mke wa Mwalimu, alinikumbatia akilia. Mimi nilikuwa nimekufa ganzi, nikawa nawaza kama nguo zangu nimezianua.

Hakuna aliyeniuliza kwa nini karatasi ile ilikuwa kwenye pochi yangu. Watu arobaini wa upelelezi, kaka, hata mmoja.

Sasa naomba ukae kitako. Baba alinipa karatasi ile siku ya Alhamisi, siku kumi na moja kabla hajafariki, nimpelekee Mwalimu nirudi na bahasha. Nilikuwa nimefua mashuka yake mara mbili siku hiyo. Nilifika Mwanga sokoni, nikanunua nyanya, nikakaa kwenye benchi la muuza ndizi, nikarudi nyumbani. Nilichukua bahasha ya majibu ya hospitali, nikaichana karibu na sikio lake asikie, nikaanza kumsomea mwisho nilioutunga mwenyewe. Muuaji nikamfanya mpangaji, yule niliyemshuku mimi tangu sura ya tatu. Nikasema zamani alikuwa mfuma nyavu, ndiyo maana alifunga mafundo mengi. Haukuwa uchovu peke yake. Nilitaka siku moja nimshinde Baba.

Baba akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ndivyo ilivyoandikwa. Akasema basi, na kichwa nacho kimemuaga, akaniagiza mkasi wake nimpe Yona wa cherehani ya jirani. Hakutaka tena kusomewa. Kesho yake, Ijumaa, ndipo alipokupigia simu akuombe uje, halafu palepale akakwambia usimsikilize, akili zake zimekwisha. Ukasubiri. Kila tukizungumza unaniuliza kichwa cha Baba kilianza lini kuharibika, na kila mara nakujibu kwamba ni sukari.

Kichwa cha Baba kilikuwa kizima, kaka. Alipokuita, alikuwa anakuita kweli.

Nilidhani nikishayaandika haya nitalia. Bado sijalia. Mwalimu amenipa ile bahasha iwe yetu, na jana nilikwenda nayo makaburini. Nilikaa mpaka jua likanichoma utosi, nikashindwa kuitoa ile sura nimsomee. Nimekuwekea humu ndani pamoja na lenzi. Ukija, msomee wewe. Mimi ameshanisikia nikisoma.

Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu mmojammoja. Usiponijibu sitakulaumu. Mungu akulinde, na amrehemu Baba yetu.

Ni mimi mdogo wako,
Asia binti Abeid