Upinde Ulio Juu ya Kitanda Chako

Mwanangu Namgay,

Huku bondeni Haa baridi imeanza, pilipili zinakauka juu ya paa, na sisi tupo tu. Bega langu ni uzee, usimsikilize dada yako.

Jana nilikwenda kwa Ap Gyeltshen, fundi wa pinde, maana Jumamosi tunashindana na kijiji cha ng'ambo. Alinipa pinde tano za mwanzi, moja baada ya nyingine.

"Vuta, ushikilie mpaka nihesabu kumi. Mkono ukitetemeka, upinde huo si wako."

Zote zilinishinda. Vijana wa ng'ambo waliokuwepo wakapiga kelele, "Mzee, chukua mwiko wa mkeo!"

Gyeltshen hakucheka. "Ule niliomchongea Namgay akiwa na miaka kumi na tano, bado mnao?"

Tunao. Miaka saba nimekuwa nikiupaka mafuta, ili ukirudi kutoka Australia uukute tayari. Leo asubuhi nimeutungua, nikauvuta, nikahesabu kumi. Mkono ulitulia. Mama yako akageuka, akatoka chumbani kwako.

Ukija itabidi uchongewe mwingine, mwanangu. Huu sasa umenienea mimi.

Baba yako,
Khandu