Nyumba Yangu, Picha Yake

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Vipi hilo goti? Mimi ni mzima, meno yangu ninayo karibu yote, na vijana wa mtaa huu wananishinda kwa mbio tu. Usicheke mwandiko. Wifi yako alitaka kuniandikia, nimemkatalia.

Binti yako ameniambia umeshamwarifu mwenye nyumba wako kwamba unahama, unakuja kukaa huku. Tafadhali, kabla hujafunga mizigo, soma barua hii mpaka chini.

Tangu niache ujenzi, mikono ilikuwa inaniwasha. Nikaanza kujenga nyumba ndogondogo, za kuenea juu ya stuli. Si vitu vya kuchezea watoto. Matofali nayakata kwenye maboksi, moja moja. Bati nalitoa kwenye kopo la maziwa, nalikunja juu ya waya mpaka lipate migongo, kisha nalipaka siki na chumvi lishike kutu. Hakuna fundi mwingine huku anayefanya hivyo, na akitokea nitajua ameniibia.

Basi wifi yako akaingiza simu yake. Anaibeba stuli na nyumba yake mpaka nje, anaiweka mahali ambapo nyuma kuna barabara ya kweli na miti ya kweli, anamwaga mchanga uliochekechwa kuficha ukingo, halafu anapiga magoti na kuigeuza simu juu chini ili kamera ikae sawa na mlango. Ukiiona picha, unaapa kuna watu wanaishi mle ndani.

Hapo ndipo roho ilipoanza kuniuma. Picha zikatundikwa maktaba, watu wakajaa, na wote ni mama una jicho, mama una mkono. Mwalimu mmoja akauliza kama nyumba inapangishwa. Wifi yako akamwambia fundi ni huyu mume wangu, yule akaniuliza kama nina nyingine karibu na shule. Mwingine akaniomba nisogee, nawaziba wasione picha. Kadiri ninavyojenga vizuri, dada, ndivyo ninavyopotea mimi! Siku moja niliweka kiatu changu kando ya kibaraza, watu wapate kuona udogo wa kazi yenyewe. Wifi yako akakitoa, akasema, mzee, unaniharibia. Namharibia! Nyumba nimejenga mimi.

Kisha nikaijenga nyumba ya mama, kwa kichwa tu, bila kipimo cha mtu. Nilipoimaliza, wifi yako akaichukua mpaka kiwanjani kwetu, palepale ilipokuwa ile ya kweli kabla haijaanguka, akaipiga picha, akakutumia bila maelezo yoyote.

Ukanipigia simu mimi. Si yeye, mimi. Ulikuwa unalia. Ukasema, "Mdogo wangu, umeisimamisha tena nyumba ya mama."

Nikajibu, "Ndiyo, dada."

Nilijua umeelewa vibaya. Lakini ilikuwa mara ya kwanza mtu kuitazama picha aliyoipiga huyu wifi yako akanisifu mimi, na picha asiitaje kabisa. Utamu ule ulinishinda. Ukauliza kama chumba cha nyuma kipo, nikasema kipo. Kipo kweli, dada. Kinaenea kiberiti. Baadaye nilikupigia nikuambie, lakini ulianza kunisifu mbele ya majirani zako, nami nikasikiliza mpaka ukamaliza.

Nyumba hakuna. Kiwanja ni kitupu, majani yamefika kiunoni. Usimrudishie mwenye nyumba ufunguo wake. Mwambie mdogo wako ni mjinga, mwambie chochote, ila usitoke hapo.

Wifi yako alipogundua alishika simu akueleze yeye, kwa upole wake ule. Nikamnyang'anya. Picha ni yake, sawa. Uongo ni wangu, na sitaki asifiwe hata kwa kuutoa.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Wifi yako naye anakusalimu. Nisingeandika hilo, ila amesimama nyuma yangu.

Ukishamaliza kukasirika, nijibu jambo moja. Dirisha la jikoni nililipindisha kidogo upande wa kushoto, kama lilivyompinda baba siku aliyolitia. Uliliona? Nijibu mimi, si yeye.

Ndimi mdogo wako,
aliyeijenga.