Kibapa Kilichopiga Kaimati

Jumamosi, Turffontein, Johannesburg

Nimefaulu, na Mama ameshuhudia. Tangu afike kutoka Tanga amekuwa akiiangalia mashine yangu ya kukandia unga kama mgeni asiyealikwa. "Kaimati hupigwa kwa mkono," aliniambia asubuhi. Mkono wenyewe hauinuki tena kwa sababu ya bega, ila hilo hataki lisemwe.

Nilianza vibaya. Kwenye mashine niliweka kile kifaa cha waya, cha kupigia mayai. Unga ukajaa ndani ya waya ukagoma kutoka. Nikabadilisha, nikaweka ndoano ninayokandia chapati. Ikazunguka bure, maana unga wa kaimati ni mwepesi. Mama akacheka kutoka sebuleni. Eish, niliona aibu, nyumbani kwangu mwenyewe!

Kikabaki kile kibapa, kipana kama mwiko, ambacho nilikuwa sijawahi kukitumia. Nikakifunga, nikaweka mwendo wa polepole. Pa, pa, pa. Unga ukawa unabamizwa kwenye bakuli vilevile anavyoupiga Mama kwa kiganja. Sebuleni kicheko kikakatika.

Baada ya muda akaita, "Basi, zima! Umeshavutika huo."

Hakuuona. Aliusikia tu. Nikauvuta kwa vidole, ukanyooka kama mpira.

Jioni kaimati zimeumuka vizuri, duara, shira imezikolea. Bega lake bado linanitia wasiwasi, na kliniki hataki hata kuisikia. Lakini baada ya kula alimpigia simu dada yake, nikamsikia akisema, "Mkono wangu nimeukuta huku Joburg, kwa binti yangu."