Namchoma Dada Yangu Maji Matupu, Naye Anasema Yanamsaidia

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba pia unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana hata mimi nikijisoma nakasirika.

Mimi kazi yangu ni kuchanganya rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, huu ni mwaka wa kumi na moja, mteja akiniletea kipande cha pazia au kigae kilichovunjika nampa ndoo ya rangi ileile bila mashine, kwa jicho tu, na kwa sababu hiyo nyumbani kila kitu chenye kipimo huletewa mimi, dawa ya kikohozi ya watoto, mbolea ya maua, hata chumvi ya mboga, na dada yangu mkubwa akanibandika jina la Daktari, mwanzoni lilikuwa utani lakini miaka imekwenda na nakiri kwako kwamba jina hilo nimelipenda.

Dada ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na mwaka jana bega la kulia lilianza kumuuma mpaka akawa anakata vitambaa kwa mkono wa kushoto, hospitali wakamwambia mshipa wa ndani ya bega umechanika na kwamba apasuliwe, lakini foleni ni ya miezi mitano. Katika kusubiri huko akaja dukani mwalimu wa mazoezi ya viungo kununua rangi ya ukumbi wake, maneno yakazaa maneno, akasema anazo peptidi, ni unga mweupe kwenye vichupa vidogo, unautia maji ya sindano, unachoma chini ya ngozi ya tumbo kwa sindano nyembamba kama za watu wa kisukari, na mishipa inajiunga yenyewe, wachezaji wake wote wanatumia. Akanirekodia maelezo kwenye simu, maji kiasi gani, usitikise bali zungusha taratibu, vuta hadi kistari fulani, weka kwenye friji. Nilipomweleza dada alicheka tu akasema, "Kama unachanganya wewe Daktari, mimi sina wasiwasi."

Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda salama. Mwezi wa pili mwalimu akaniletea vichupa vingine, vizibo ni vya kijani kilekile, na kwenye kijani mimi sidanganyiki, basi nikatia maji kiasi kilekile, nikavuta hadi kistari kilekile, tena mabaki ya vichupa vya zamani nikayamiminia humohumo, kwa sababu dukani kwetu mabaki ya rangi moja hayatupwi, yanakusanywa kwenye kopo moja. Hazikupita wiki mbili dada akaanza kushikwa na kizunguzungu kila akiinuka kwenye cherehani, vidole vikavimba hata kastabini haimwingii, na yeye badala ya kuogopa akafurahi, akasema sasa dawa imeanza kufika.

Jumanne iliyopita nilimsindikiza hospitali kwa vipimo vya mwisho. Muuguzi, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba, akamuuliza, "Kuna dawa yoyote unatumia nyumbani, hata ya mitishamba, hata ya unga?" Dada akanigeukia mimi. Sijui ni nini kilinipanda kichwani, nikajibu, "Hapana, sista, huyu anakunywa chai tu." Muuguzi akacheka, akaandika, tukatoka.

Lakini swali lile halikunitoka, na tulipofika nyumbani nikakichukua kichupa nikaenda nacho dirishani, nikasoma yale maandishi madogo ambayo sikuwahi kuyasoma. Vichupa vya mwanzo vimeandikwa miligramu tano. Hivi vya pili vimeandikwa kumi. Na kwa kuwa ndani nilishamimina yale mabaki, hata ukinibana vipi siwezi kukuambia dada yangu alikuwa anapata kiasi gani.

Mshauri, sasa naja kwenye lile linaloniondolea usingizi. Dawa nimeiacha siku ileile, ila sikumwambia. Kila asubuhi nampa sindano ya maji matupu, yale maji ya kuchanganyia, na jana aliposhusha blauzi yake akaniambia, "Ahsante, Daktari, ya leo imeshika vizuri." Nilikwenda kunawa mikono nikalia. Upasuaji umebaki siku kumi na moja. Nauliza, nimwambie sasa hivi, au kwa kuwa dawa haipati tena ningoje kwanza apasuliwe apone? Naogopa akijua ataukataa upasuaji, na bega ndilo linalomlisha. Na, sitakuficha, naogopa pia atakavyoniangalia.

Ni mimi, mchanganya rangi.

MSHAURI ANAJIBU

Mdogo wangu, nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na hasira ninayo, ila kwanza lenye haraka. Barua yako ilinifikia Jumatatu, na ukurasa huu hutoka Jumamosi. Sikungoja. Nilikutumia ujumbe kwenye ile namba uliyoandika nyuma ya bahasha: dada asichomwe kitu tena, hata maji, na kizunguzungu kikizidi apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Ukanijibu, "Sawa, ahsante." Sijui kama sawa hiyo ilitoka moyoni, kwa hiyo naendelea, na leo siku zilizobaki ni tano.

Sikuoni kama mtu mbaya. Ulimwona dada yako anakata vitambaa kwa mkono usio wake ukashindwa kukaa bure, na mimi ningeshindwa pia. Lakini kizibo, mdogo wangu? Miaka kumi na moja unauza makopo, unajua fika kwamba kiwanda kikiishiwa vifuniko kinafunika kwa vilivyopo. Rangi ukiikosea ukutani unapaka juu yake. Dada yako si ukuta, na ulipomimina mabaki humo hukubakisha hata njia ya kurudi kuhesabu.

Nilimuuliza mfamasia ninayemwamini. Usitarajie nikutajie kipimo sahihi, kwa sababu naye hakunitajia. Alisema vichupa vinavyouzwa mkononi namna hiyo hakuna ajuaye ndani mna nini, na hata hiyo kumi inaweza kuwa imeandikwa tu. Kisha akaniuliza jambo moja: daktari wa kumtia usingizi anajua? Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. Hajui. Atapanga dawa zake akiamini kwamba mgonjwa wake anakunywa chai tu, kwa sababu wewe ndiye uliyesema hivyo.

Kwa hiyo swali lako la kungoja apone nalitupa. Huenda akaogopa. Aogope, ni mwili wake, ana haki ya kuuogopea. Unasema ataukataa upasuaji. Hujampa hata nafasi ya kuukubali akijua. Na madaktari wakiamua kusogeza tarehe, huo ni uamuzi wao, si wako wala wangu. Kilichokufunga mdomo si bega, umeandika mwenyewe kwenye mstari wa mwisho kabisa, kana kwamba ni kitu kidogo. Unaogopa kuacha kuitwa Daktari. Basi acha kuitwa, hutakufa.

Leo, akimaliza kushona, kaa naye. Usianze na mwalimu wa mazoezi wala foleni ya hospitali, anza na wewe. Mwambie, "Dada, nilikosea kipimo, sijui nilikupa kiasi gani, na tangu tutoke hospitali nilikuwa nakuchoma maji ili usijue." Halafu nyamaza. Akifoka, afoke. Akilia, usimbembeleze upesi ili upate nafuu wewe.

Vichupa usivitupe, hata vitupu, hata kile chenye mchanganyiko wako. Vitie kwenye mfuko pamoja na yale maelezo yaliyo kwenye simu, na Jumatatu asubuhi nendeni wote wawili mkamtafute yule mama mwenye miwani. Mwalimu wa mazoezi naye mpigie umwambie namba zimebadilika, maana anao wachezaji, na wachezaji wana mama zao.

Mkifika, weka mfuko mezani, useme kwamba Jumanne ile uliongopa. Muuguzi atauliza tena lile swali lake. Safari hii dada akikugeukia, wewe tazama chini, ajibu mwenyewe.