Hukuniuliza, Spesioza

Spesioza rafiki yangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha Buyenzi, mtaa tuliokulia, kwa sababu hasira yangu haitoki vizuri kwa Kinyarwanda. Ndiyo, nimekukasirikia. Watu wa hapa Kabuga wakiniona nalia hudhani bado ni kile kilio cha mazishi yako.

Waandaaji wa mbio za baiskeli walipokuja kukuona hospitali, uliwaambia, "Msihangaike. Kituo cha Kabuga, Beata yupo." Nilikuwa nimesimama palepale na chupa ya uji mkononi. Hukunitazama hata. Mgonjwa wa namna ile unamkataliaje?

Tangu hapo sina pa kutokea. Wakija waendeshaji kupumzika kituoni nafunga cherehani siku mbili, nachemsha viazi na chai, nagonga muhuri kadi za watu waliopanda milima tangu alfajiri. Wateja wangu wa sare za shule wameanza kwenda kwa fundi mwingine. Nikinung'unika naambiwa, "Ni wosia wa marehemu." Padri naye akanishukuru mbele ya kanisa zima. Nikatabasamu, ningefanya nini?

Wewe ulipenda kazi ile. Unamkumbuka yule mzungu mzee, mvua ilimgandisha vidole kwenye usukani? Ulivibandua kimoja kimoja ukivipulizia, ukimgombeza kwa Kirundi kama mwanao, naye anaitikia tu. Nilicheka hadi nikamwaga chai. Spesi, mimi sikuwa nakuja kwa ajili ya baiskeli. Nilikuwa nakuja kwako.

Jumapili iliyopita waandaaji walituita mkutanoni. Wa kujitolea wanapungua, vituo viwili vimeshafungwa. Wanafikiria kuajiri kampuni, au kila mwendeshaji ajibebee chakula chake. Nilisimama nikasema, "Mimi nimechoka." Mwenyekiti akajibu kwa upole, "Basi, mama, Kabuga tutafunga. Tunakushukuru."

Nilidhani nitapumua. Nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, "Mwaka huu tu." Wakapiga makofi. Nikakaa. Safari hii siwezi hata kukulaumu wewe.

Wakati wa kutoka, mwenyekiti akaniuliza, "Na mwakani, mama, unamwona nani?" Jina likanijia ulimini: Divine, binti yako. Ana mikono yako. Na mbele ya wale watu, kwa heshima yako, asingethubutu kukataa. Ningekuwa huru pale pale.

Nililimeza. Nikasema sijui.

Nakuahidi hivi: nitamuuliza kwanza, tukiwa wawili tu, nyumbani kwake. Akikataa, nitarudi mkutanoni niseme hakuna mtu, hata kituo chako kikifa mikononi mwangu.

Pumzika, Spesi. Hasira ikipoa nitakuletea maua. Kwa leo pokea maneno haya.

Beata